Meguiar's Ultimate Compound kwenye Mark X nyeusi: majibu baada ya miezi mitano

Wadau habari za saa hizi. Hii nimeichelewesha makusudi, maana gari ukiipaka kitu chochote leo, kesho itang'aa tu, hata ukipaka mafuta ya nazi itang'aa, kwahiyo nikasema acha nisubiri iloe mvua, ioshwe mara za kutosha, ikae juani, halafu ndo niseme kama hii kitu, yaani kompaundi ya kusugua rangi ya gari ili kutoa mikwaruzo, inafanya kazi kweli au la. Sasa ni miezi mitano na naona naweza kuongea.

Gari yangu ni Mark X ya 2007, nyeusi. Sio ile nyeusi yenye chenga chenga za kumeta, ni nyeusi tupu, ukifungua boneti kuna kibati kinaonyesha namba ya rangi na pale imeandikwa 202. Wenye Toyota za namba hiyo mnanielewa. Ni rangi nzuri kuliko zote ikiwa safi na ni rangi inayotesa kuliko zote kwenye kuitunza, kwasababu ni laini na haina pa kuficha kitu, hata ukipitisha kitambaa kikavu mara moja tu inaandika. Ilivyotoka bandarini ilikuwa kioo kabisa, unachana nywele pale mlangoni. Mwaka mmoja na nusu baadae nimepaki pale Mlimani City saa nane mchana, narudi kwenye gari, jua linapiga boneti moja kwa moja, naona mikwaruzo duara duara kama utando wa buibui boneti nzima, paa, buti, kote. Kivulini huioni. Ukiwa ndani ya nyumba huioni. Juani gari nyeusi inageuka kuwa ya kijivu. Iliniuma sana, nisiwadanganye.

Kabla sijaenda kwenye kompaundi yenyewe naomba nieleze kitu kimoja maana watu wengi wanadhani ile mikwaruzo ni ya mviringo kwasababu aliyeosha alikuwa anazungusha mkono. Hapana. Usiku chukua tochi ya simu, iweke juu ya boneti, utaona viduara vinaizunguka ile taa. Sogeza tochi upande wa pili, viduara navyo vinahama vinaifuata. Ingekuwa ni miduara kweli ingebaki palepale. Ukweli ni kwamba pale kuna mikwaruzo midogo sana maelfu kwa maelfu imelala kila upande, na mwanga unaangaza ile tu iliyokaa kuukingama, ndio maana macho yanaona duara. Kwahiyo hata anayefuta kwa mstari ulionyooka anakwaruza, ila inayopangika upande mmoja haionekani kirahisi kama ile iliyovurugika kila upande. Mimi kulijua hili ndo kulinifanya niache kumlaumu aliyezungusha mkono nianze kuangalia alikuwa ameshika nini mkononi.

Na alichoshika ni mchanga. Kwangu ni Goba, kuna kipande cha vumbi kabla hujafika lami, gari inalala na vumbi kila siku. Asubuhi kijana wa pale nyumbani kwa upendo wake kabisa, mimi nikiwa sijaamka, anachukua tisheti ya zamani anaifuta gari yote kavu ili nikitoka niikute inameta. Kila siku ya Mungu! Sikuwahi kumwambia aache maana nilikuwa naona anafanya jambo jema, na kweli alikuwa na nia njema, ila ile ni kama kupiga msasa laini gari nzima mara sita kwa wiki. Halafu Jumamosi naipeleka kawoshi, pale sponji ni ileile iliyotoka kusugua rimu za gari iliyopita, imedondoka chini, imeokotwa, imechovywa kwenye ndoo moja yenye maji ya rangi ya chai na sabuni ya unga, inapanda kwenye boneti. Sisemi kawoshi fulani, nyingi ziko hivyo na wale vijana wanafanya kazi ngumu kwa hela ndogo, hakuna aliyewafundisha.

Jaribio langu la kwanza halikuwa hii kompaundi. Nilipeleka gari kwa fundi mmoja wa polishi, jina nalihifadhi, akanichaji laki mbili na nusu, akapiga na mashine ile kubwa inayozunguka moja kwa moja, jioni nimekabidhiwa gari inawaka. Nikafurahi. Ilipoteza raha baada ya wiki tatu hivi, kuoshwa mara tatu nne, utando wa buibui ukarudi wote kama ulivyokuwa, na juu yake usiku nikiingia sheli chini ya zile taa nyeupe naona mawingu mawingu, mistari mipana inayotembea kama upinde kila ukisogeza kichwa. Baadae ndo nikaelewa kilichotokea. Kwanza hakuondoa mikwaruzo, aliijaza. Kuna polishi zina mafuta na vijazio, vinaingia kwenye mkwaruzo vinaufunika, mwanga haukwami tena, unaona pamepona, halafu sabuni ya unga ikivitoa mkwaruzo uko palepale unakusubiri. Pili yale mawingu yaliletwa na mashine yenyewe ikiwa na pedi ngumu (pedi ni ile sponji inayobandikwa kwenye mashine) kwenye rangi laini, bila kumalizia na pedi laini. Kwahiyo nikalipia kuongezewa mikwaruzo ya aina nyingine.

Hapo ndo nikaamua nifanye mwenyewe. Kuna jamaa yangu alikuwa anakuja kutoka Dubai nikamuagiza chupa ya Ultimate Compound ya mililita 450, chupa ya Ultimate Polish, na udongo wa kusafishia rangi. Meguiar's ni kampuni ya Marekani, imeanza 1901 na ilianza na polishi ya fanicha kabla ya magari, sasa hivi iko chini ya 3M. Bei na usafiri vikaja kama gharama ya kuosha gari kawoshi kwa miezi minne. Sio rahisi, sio mchezo, ila sio laki mbili na nusu. Mashine ya DA nikaazima kwa rafiki yangu. DA ni ile ambayo pedi inazunguka na hapohapo inatikisika kwa kuyumba, kwahiyo haikai sehemu moja ikachoma rangi kama ile ya kwanza. Kama huna uzoefu, shika hii, ile nyingine waachie wenye kazi yao.

Nikaanza kwa kuosha vizuri, kisha udongo. Ule udongo wengi wanauruka na ni kosa. Baada ya kuosha, weka mkono ndani ya mfuko laini wa plastiki upitishe juu ya boneti, utasikia chenga chenga kama unapapasa ngozi ya mtu mwenye vipele. Huo ni uchafu uliong'ang'ania, vumbi la breki, utomvu, lami. Ukianza kupiga kompaundi juu yake unausaga kwenye rangi. Unalowesha kwa maji ya shampuu, unapitisha udongo polepole bila kukandamiza, unausikia unakwama kwama halafu ghafla unateleza, hapo pamekuwa safi.

Jaribio la mkono kwanza, maana chupani wameandika unaweza kutumia mkono au mashine. Nikachukua mlango wa nyuma kushoto, nikaweka matone manne kwenye sponji ndogo ya kupakia, nikasugua kama dakika tatu kwa nguvu ya wastani. Nikageuza sponji, nyeusi tii! Moyo ulinidunda wadau, nikajua nimemaliza rangi. Nikaacha kila kitu nikaanza kusoma, kumbe baadhi ya Toyota za 202 zilipigwa rangi bila klia juu, ule utando angavu wa kufunika rangi, yaani ile nyeusi yenyewe ndo iko juu kabisa, ukiigusa na kompaundi lazima itoke kidogo na kupaka pedi. Gari yenye klia pedi haichafuki kwa rangi ya gari. Hivyo ukiona hivyo usikimbie, ila jua kwamba unachokula ni rangi yenyewe na uwe na kiasi. Na kiasi ni kweli kweli, maana rangi yote ya gari kutoka bati mpaka juu mara nyingi iko kwenye maikroni 100 mpaka 150, yaani shika karatasi moja ya printa, huo ndo unene wa kila kitu ulichonacho. Ukipiga kompaundi kila baada ya miezi mitatu utafika kwenye praima, ile rangi ya chini.

Matokeo ya mkono: nusu kwa nusu. Mikwaruzo myepesi ilitoka, iliyobaki ikapungua makali, bega likauma siku mbili. Kwa sehemu ndogo kama chini ya kitasa cha mlango pale kucha zinapogusa, mkono unatosha kabisa. Kwa gari nzima usijiadhibu.

Mashine sasa. Hapa ndo hii kompaundi ilinivua kofia. Nilianza saa kumi na mbili asubuhi chini ya turubai, bati likiwa la baridi, nikabandika masking tepu kwenye kingo zote za boneti na plastiki nyeusi, maana kwenye kingo rangi ni nyembamba na plastiki ikishika kompaundi inaweka weupe ambao kuutoa ni kazi. Nikagawa boneti vipande vya kama nusu mita kwa nusu mita. Matone manne ukubwa wa punje ya kunde kwenye pedi, nikaigonga gonga kwenye kipande chote mashine ikiwa imezimwa ili isiruke ruke, nikawasha spidi ndogo kusambaza, halafu spidi ya nne tano na kwenda polepole, polepole sana, kasi ya konokono mvivu, mstari ukipanda nusu ya mstari uliopita, kwenda na kurudi, kisha kukata kwa upande, mara nne au tano. Nilichora alama ya kalamu pembeni ya bamba la pedi. Alama ikiwa inazunguka unaiona, ikisimama ujue umekandamiza sana, mashine inatikisika tu bila kukata. Hiyo alama ilinifundisha kuliko video zote.

Nikafuta na maikrofaiba. Nikapuliza alkoholi ya isopropili niliyoichanganya na maji mengi, nikafuta tena. Hii ni hatua ya ukweli, inaondoa mafuta yote yanayoweza kudanganya macho, na ndo ingemuumbua yule fundi wangu siku ileile. Nikawasha tochi ya simu. Upande ambao sijapiga, buibui kibao. Upande niliopiga, mwanga wa tochi umekaa peke yake kama mwezi kwenye maji ya kisima, hakuna kitu kinauzunguka. Mpaka kati ya pande mbili ulikuwa umenyooka kama umechorwa na rula. Nikamuita mke wangu aje aone, akasema "hii ni gari yetu au umebadilisha boneti?" Nilikaa pale nimechuchumaa na tochi kama dakika kumi naangalia tu.

Mabaya yake nayo niyaseme. Joto la Dar linaikausha haraka, ikifika saa nne asubuhi bati limeanza kupata moto inaganda na kuifuta inakuwa shida, unafuta kwa nguvu na kufuta kwa nguvu kwenye 202 ni kukwaruza upya, kwahiyo nilikuwa naacha saa tatu na nusu na kuendelea siku nyingine, gari nzima ikachukua wikiendi mbili. Pedi inajaa haraka, kila kipande kimoja lazima usugue pedi na mswaki mkavu la sivyo inaanza kuteleza bila kukata. Kwenye rangi laini inaacha ukungu mwepesi sana, huuoni mpaka upate mwanga mkali, kwahiyo usinunue hii peke yake ukadhani umemaliza, lazima ifuatwe na polishi kwa pedi laini. Ultimate Polish iliutoa ule ukungu wote na weusi ukaongezeka kina, mpaka unahisi ukitumbukiza mkono utazama. Na kompaundi haina ulinzi wowote, ukimaliza rangi iko uchi, lazima upake nta au silanti siku hiyohiyo. Mkwaruzo wa ndani haitoi. Kipimo ni ukucha, pitisha ukucha kwa kukingama, ukikwama, achana nao, kuutafuta mpaka uishe ni kutoboa rangi. Mimi ninao mmoja kwenye fenda ya kulia wa bodaboda, nimeupunguza kingo tu, nimeuacha upumzike.

Kilichotumika gari nzima ni kama theluthi moja ya chupa. Hii ni nzuri sana.

Sasa miezi mitano. Hapa nisiipe kompaundi sifa isiyo yake, kama ningerudi kwenye tisheti na sponji za zamani ndani ya wiki mbili ningekuwa palepale. Kwanza nilikaa na kijana wa nyumbani, nikamuonyesha na tochi, upande uliopigwa na upande bado, hakuhitaji maelezo mengi. Akaniuliza, "Kwahiyo bro, asubuhi nisiguse kabisa?" Nikamwambia kabisa, ikiwa na vumbi iache na vumbi lake, vumbi halikwaruzi mpaka mtu alisukume. Naona siku hizi yeye ndo mkali kuliko mimi, mtoto wa jirani akiandika jina lake kwa kidole kwenye buti anafukuzwa mpaka getini.

Kuosha naosha mwenyewe nyumbani, dakika arobaini. Maji mengi kwanza bila kugusa kitu, chini ya milango, nyuma ya matairi, mpaka mchanga udondoke wenyewe. Halafu povu la shampuu ya gari, liache litembee dakika mbili tatu, lioshe tena kwa maji. Hapo tu robo tatu ya uchafu imeondoka na hujagusa rangi. Ndo nakuja na glavu ya maikrofaiba na ndoo mbili, moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila baada ya mlango mmoja. Ukimaliza angalia chini ya ndoo ya kusuuzia, mchanga uliolala pale ndo ungekuwa kwenye boneti lako. Naanza paa nashuka chini, sehemu za chini ya milango mwisho kabisa, rimu zina kitambaa chake na hakikutani na vingine hata kwenye kufua. Kitambaa kikidondoka chini kimekwisha kazi siku hiyo, hata kama kimedondoka kwenye sakafu safi. Kukausha natandaza taulo kubwa la maikrofaiba nalikandamiza, silivuti. Na hili la kukausha usilichukulie poa, sisi tunaotumia maji ya kisima yana chumvi, ukiacha yakaukie juani yanaacha madoa meupe ya duara ambayo yakikaa yanakula rangi. Maikrofaiba nafua zenyewe, bila nguo za pamba na bila ile dawa ya kulainishia nguo.

Kinyesi cha kunguru ndo vita ambayo haiishi hapa mjini. Natembea na chupa ya maji na kitambaa laini kwenye buti, nalowesha kwanza, nasubiri dakika, nainua, sisugui.

Kuna siku nilisafiri, gari ikarudi na tope mpaka kwenye vioo, nimechoka, nikapita kawoshi. Nikamwambia kijana, "Dogo naomba uipige presha tu, kitambaa usiguse." Akanishangaa, "Sasa bosi itatakata vipi?" Nikamwambia hela yako ni ileile, wewe mwagia maji, nyingine nitamalizia. Akaipiga maji robo saa nzima, kwa moyo wote, nikamuongezea buku mbili. Hakuna aliyegombana na mtu, ni kuongea tu kabla hajachukua sponji.

Hali ya leo: tochi ikiwashwa usiku naona mistari miepesi kama saba nane kwenye boneti nzima na kidogo zaidi kwenye buti, pale ninapoegemea nikipakia mizigo. Hiyo nitaipiga na Ultimate Polish peke yake mwakani, kompaundi siigusi. Alama naipa tisa kwa kumi, moja naitoa kwa ule ukungu na kukauka haraka. Mwenye gari nyeupe au silva unaweza ukakaa miaka bila kuhitaji hii kitu. Mwenye nyeusi nunua kompaundi na polishi pamoja, na kabla ya zote nunua ndoo ya pili.

Kwenye buti, pembeni ya pleti namba, kuna kipande cha upana wa vidole vitatu nilikibandika tepu wakati napiga na sijakigusa mpaka leo. Akija mtu nyumbani akiniuliza kama kweli ilikuwa mbaya kiasi hicho, namuwashia tochi pale.